Mikono Nyuma ya Mgongo

Sebule yetu ndiyo karakana yangu. Cherehani iko karibu na dirisha. Meza ya kukatia iko katikati. Pasi inakaa juu ya tofali ili isiunguze kitu. Mgeni akija, kwanza naondoa vitambaa kwenye kiti, ndipo namwambia karibu.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu alitangulia mbele ya haki miaka saba iliyopita. Watoto wangu wakubwa wana nyumba zao. Nimebaki na kitinda mimba wangu. Marehemu baba yake alimtania kwa jina la Sindano, kwa sababu alizaliwa mwembamba na mwenye sauti kali. Jina likamganda. Sasa yuko kidato cha tatu.

Kila asubuhi namshukuru Mungu kwa macho na vidole, kisha natunga uzi. Sindano anafagia, anapitisha sumaku sakafuni ili iokote pini zilizoanguka, halafu anakwenda shule. Sumaku hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango wa sayansi. Alipokuwa mdogo aliniuliza, "Mama, mbona inaokota pini, vifungo inaviacha?"

Nikamjibu, "Kamuulize mwalimu."

Tangu siku hiyo hakuacha kuuliza. Baba yake alipolazwa, Sindano alikuwa akimfuata mpimaji wa hospitali hata koridoni. "Hiyo damu unaitazama kwa nini? Unaona nini ndani yake?" Mpimaji akacheka, akamwonyesha darubini. Mtoto akarudi kwangu anahema. "Mama, mimi nikikua nitapima damu za watu." Miaka saba neno lake lilikuwa hilo hilo.

Mpaka Jumatatu moja.

Siku hiyo alirudi kutoka shuleni, akaniamkia, akakaa bila kuvua viatu. Sindano huvua viatu mlangoni hata kama nyumba inaungua. Nikajua kuna jambo.

"Mama, kuna karatasi ya kutia sahihi."

"Ya nini?"

"Ya kubadilisha masomo. Nataka kuacha sayansi."

Mguu wangu ulisimama juu ya kikanyagio cha cherehani. "Hebu rudia."

"Nataka kuacha sayansi. Fomu inarudishwa Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo hakuna kubadilisha tena. Kila mtu atabaki alipo mpaka amalize shule."

"Na hizo damu utazipima na nini? Kijiko?"

Hakucheka. Utani wangu huwa haumpiti hivi hivi.

"Mama, sayansi ya siku hizi ni kompyuta. Tangu muhula uanze, majaribio mengi tunayafanya kwa kompyuta. Na mtihani wa vitendo kila mtu atakaa peke yake mbele ya mashine. Mimi na zile mashine hatupatani."

"Nani amewagombanisha?"

"Nikiikaribia jasho linanitoka. Nikibonyeza vibaya ikafa, nitamtazama nani usoni?"

Nikaichukua ile fomu. Mimi nimeishia darasa la saba, kwa hiyo nasoma polepole, kidole kikitangulia. Ilikuwa na nafasi ya jina la mwanafunzi na nafasi ya sahihi ya mzazi. Jambo dogo tu. Lakini hata mkasi ni kitu kidogo, na kitambaa kikishakatwa hakirudi kuwa kizima.

"Niachie, nitaisoma vizuri," nikasema. Nikaiweka ndani ya boksi la vifungo, nikafunga kifuniko.

Jioni ile nilishona blauzi ya mteja mmoja nikaiwekea mikono miwili ya kushoto. Miaka ishirini ya ufundi sijawahi kufanya hivyo.

*

Kesho yake, Jumanne, nilikuwa na kazi huko huko shuleni. Walikuwa wameniagiza makoti meupe ya maabara, nami nilitakiwa nikawapime wanafunzi. Nikachukua futi yangu ya utepe na daftari, nikaenda.

Maabara yao ni chumba kirefu. Upande mmoja kuna masinki na rafu za chupa za kioo. Upande wa pili kuna kompyuta sita juu ya meza. Anayekitunza chumba hicho ni mama mmoja wa makamo. Wanafunzi wanamwita Mama Chupa, kwa sababu wanasema anasikia chupa ikitaka kuanguka hata akiwa nje ya geti.

"Karibu, fundi. Wamo kwenye kipindi, kaa hapa nyuma kidogo," aliniambia kwa sauti ya chini.

Nikakaa, nikatazama. Kazi yangu imenifundisha kutazama.

Wanafunzi walikuwa wawili wawili kwa kila kompyuta. Sindano hakuniona. Alikuwa na kijana mmoja mwingi wa maneno anayeitwa Profesa. Profesa alikalia kiti. Kile kidude cha mkononi wanachokiita kipanya alikishika kama amekirithi kwa babu yake. Sindano alisimama pembeni. Alimsomea Profesa maelekezo ya jaribio, akaandika majibu. Mwalimu alipopita aliyatazama maandishi yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Lakini niliona mikono yake. Kila alipomaliza kuandika, aliirudisha nyuma ya mgongo. Kiganja kimoja kikakamata kingine, kama polisi na mwizi.

Mikono ile nilikuwa naijua. Ilikuwa imetoka karakanani kwangu.

Hapa lazima niseme ukweli, ingawa unaniwasha. Nyumbani kwetu kuna sheria: cha mteja hakiguswi. Watoto wangu wote walikua wakipita sebuleni mikono nyuma. Sindano alipokuwa na miaka sita, aliwasha pasi ili anisaidie. Akailaza juu ya gauni la bibi harusi. Harusi ilikuwa kesho yake. Alama ya pasi ikabaki kifuani pa gauni, kama mtu kakanyaga na kiatu cha moto.

Sikumpiga. Nilifanya vibaya zaidi. Nilimshika mikono yote miwili, nikaiinua mbele ya bibi harusi na shangazi zake, nikasema, "Mikono hii ina balaa! Isiguse kitu tena!"

Gauni nililitengeneza upya. Neno lile sikulitengeneza.

Kipindi kilipokwisha niliwapima wanafunzi mabega na urefu wa mikono. Sindano alishtuka kuniona, akapimwa kimya kimya, akaondoka na wenzake. Nikabaki na Mama Chupa, naye anakausha chupa.

"Fundi, leo umetazama sana."

"Yule mwembamba ni wangu."

"Sindano? Yule kichwa chake kinachemka! Ila hajawahi kushika kipanya hata siku moja. Nikimwambia ashike, ananijibu, 'Profesa afanye, mimi nitaandika.'"

"Amenipa fomu ya kuacha sayansi."

Mama Chupa akaacha kukausha chupa. "Umetia sahihi?"

"Bado."

"Mshukuru Mungu." Akavuta kiti. "Kompyuta hizi zilipokuja, niliona maradhi mawili humu ndani. Kuna wanaoziogopa kama nyoka. Na kuna wanaoziamini kama zimeshushwa kutoka mbinguni. Hawa wa pili, kompyuta ikiwaambia barafu inachemka, wataandika barafu inachemka. Makundi yote mawili hayajifunzi sayansi."

"Dawa yake ni nini?"

"Kushika. Halafu kuhakikisha. Mashine ipime, na wewe uhakikishe kwa macho yako na kwa vipimo vingine. Njoo ukae hapa."

"Nani, mimi? Mimi ni wa darasa la saba."

"Kompyuta imekudai cheti? Kaa."

Nikakaa. Akaniwekea ukurasa mweupe. "Andika kazi yako."

Nikaandika FUNDI kwa kidole kimoja. Kwa muda ule ningeshona kifungo na kukikaza. Kisha sijui nilibonyeza nini, neno lote likapotea.

"Mungu wangu, nimeiua!" Nikaruka kutoka kwenye kiti.

Mama Chupa alicheka mpaka akashika sinki. "Hujaiua. Bonyeza huo mshale uliopinda kurudi nyuma."

Nikabonyeza. FUNDI akarudi.

"Kumbe ni kama kufumua mshono," nikasema.

"Ndiyo hivyo hivyo. Ukikosea unafumua, unaanza tena. Sasa nikuambie vinavyoiharibu kweli: maji, vumbi, kuangushwa, kuvutwa waya, na kuzimwa ghafla inapofanya kazi. Mwanafunzi mwenye mikono mikavu, anayefuata maelekezo, hawezi kuiua kwa kubonyeza."

"Na wao mmewaambia hivyo?"

Mama Chupa akainua macho. Akageuka kutazama ukuta. Juu ya kompyuta palikuwa na karatasi tano. Usiguse bila ruhusa. Usibonyeze ovyo. Usilete maji. Usivute waya. Usicheze.

"Tumewakataza mara tano," akasema taratibu. "Kuwakaribisha, hata mara moja hatujawakaribisha. Hilo ni kosa letu, na nitalirekebisha. Alhamisi tuna jaribio la maji kupoa. Kila dakika tano nitapiga makofi, wabadilishane kiti. Lakini mwanao atakataa. Mzizi wa kukataa kwake sijui uko wapi."

"Mimi ninaujua," nikasema.

*

Jumatano nilisali kabla Sindano hajarudi. Sikuomba mengi. Nilisema, "Mungu, nipe maneno, maana yale ya mwanzo niliyatoa mwenyewe."

Akaingia. "Shikamoo, mama. Umetia sahihi?"

"Marahaba. Kaa hapo." Nikamwonyesha kiti cha cherehani.

"Hicho ni kiti chako."

"Leo ni chako."

Chini ya sindano ya cherehani nilikuwa nimeweka koti moja jeupe. Mfuko wake ulikuwa umebanwa kwa pini, unasubiri kushonwa. Akaliangalia, mikono ikaenda nyuma yenyewe.

"Mama, hili ni la mteja."

"Ndiyo."

"Cha mteja hakiguswi."

"Nani kasema?"

"Si wewe?" Akainamisha kichwa. "Tena mikono yangu ina balaa."

Miaka kumi ilikuwa imepita. Hakusahau hata herufi moja.

Mzazi kumwomba mtoto radhi si kazi nyepesi. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama pasi ya mkaa. Lakini nikasema.

"Mwanangu, siku ile nilikuwa na hasira na aibu. Mtoto aliwasha pasi ambayo hakufundishwa kuitumia. Kosa ni la nani? Ni la fundi aliyemwonyesha pasi asimfundishe pasi. Mikono yako haina balaa. Nisamehe."

Alileta mikono mbele, akaitazama kama imetoka safari. Kisha akakaa.

Mshono wa kwanza ulikwenda kama njia ya mlevi.

"Nimeliharibu!"

"Fumua."

Akafumua. Wa pili ulinyooka hadi nusu, ukapinda. Akafumua mwenyewe, sikumwambia. Wa tatu ulikuwa mshono ambao mteja asingeurudisha.

Kisha nikampa pasi. Uso wake ukabadilika.

"Hapana, mama. Hiyo hapana."

"Sogeza kiganja karibu, usiiguse. Unasikia joto? Sasa dondosha tone moja la maji. Likilia na kukimbia, pasi ni ya moto sana. Likikaa tu, bado."

"Si ina kidude cha kuonyesha joto hapo juu?"

"Kinaonyesha, nami nakitazama. Lakini waya ukiwa umelegea, kidude kitasema moto na pasi ni baridi kama jiwe. Kwa hiyo nauliza kidude, halafu nauliza kiganja."

Akapiga pasi koti zima. Alipomaliza shingo yake ilikuwa imelowa jasho, lakini koti lilikuwa safi.

"Fomu je?" akauliza.

"Ipo kwenye boksi la vifungo."

"Bado naogopa, mama."

"Sikukuambia usiogope. Mimi mpaka leo nikianza kukata kitambaa cha mtu, naogopa kama wewe. Ila nakata. Kesho shika kwanza. Ijumaa asubuhi ukiniambia nitie sahihi, nitatia."

Nilisema hivyo kwa mdomo. Moyo ulikuwa unasema mengine.

*

Alhamisi nikapeleka makoti. Yote yalikuwa tayari isipokuwa moja, la Sindano mwenyewe. Mtoto wa fundi huvaa mwisho. Mama Chupa akanipa kiti changu cha nyuma.

Kila meza ilikuwa na chombo cha kioo chenye maji ya moto. Waya mwembamba ulitoka kwenye kompyuta, ncha yake ikazamishwa ndani ya maji. Ncha hiyo hupima joto. Kompyuta huchora mstari: maji yakipoa, mstari unashuka. Pembeni palikuwa na kipimajoto cha kioo, cha kuhakikishia.

Profesa alikalia kiti kama kawaida yake. Dakika tano zikapita. Mama Chupa akapiga makofi. "Badilishaneni!"

Wengine wakainuka. Profesa hakuinuka.

"Sindano hataki, mama. Yeye ni karani wangu."

Darasa likageuka kumtazama. Mikono ya Sindano ilikuwa nyuma, vidole vimekazana. Mimi nilishika ukingo wa kiti. Nilisali bila kufungua mdomo. Nilijua akikataa sasa, mbele ya wote, kesho nitaandika jina langu kwenye ile karatasi.

Vidole vikaachana.

"Inuka," akasema.

"Nini?"

"Inuka, nikae. Umekalia kiti hicho tangu muhula uanze. Unaatamia mayai?"

Darasa likaangua kicheko. Profesa akainuka.

Sindano akakaa, akashika kipanya. Mshale wa kipanya ukakimbia huku na huku juu ya kioo cha kompyuta. Akabonyeza. Mstari wote ukapotea.

Akageuka. Macho yake yakanitafuta. Nilinyanyua vidole viwili, nikafanya kama ninavuta uzi. Fumua.

Akarudi kwenye kompyuta, akabonyeza mshale uliopinda, ule niliomsimulia jana. Mstari ukarudi. Akashusha pumzi, mimi nikashusha yangu. Lakini hakuendelea. Akausogelea mstari, akakunja uso.

"Profesa, hii inasema maji yana nyuzi joto ishirini na sita. Yamekuwa kama hewa ya chumbani."

"Basi yamepoa. Andika."

"Kwa dakika tano tu?"

"Kompyuta imesema. Wewe nani?"

Sindano akasogeza kiganja karibu na chombo cha kioo, bila kukigusa, kama nilivyomwonyesha kwenye pasi. "Yamepoa na yanatoa mvuke? Haya, nawa uso tuone."

Wenzake wakasogea. Akachukua kipimajoto cha kioo, akakizamisha, akasubiri. "Sabini na moja," akasoma. Kisha akaufuata ule waya kwa macho, kutoka kwenye kompyuta mpaka mwisho. Ncha haikuwamo ndani ya maji. Ilikuwa inaning'inia nje, juu ya meza. Profesa alipovuta kiti chake, alivuta na waya.

"Kompyuta haijadanganya," Sindano akasema. "Inapima hewa."

Akairudisha ncha ndani ya maji. Mstari ukapanda, ukafika sabini. Mwalimu alikuwa ameshafika nyuma yao.

"Nani amegundua hili?"

Profesa alikuna kichwa. "Karani," akasema. Kisha akajisahihisha. "Sindano."

Mwalimu akawaambia wote wakague waya zao, wakapime tena kwa kipimajoto cha kioo. Meza nyingine moja ilikuwa na kosa hilo hilo. Nao walikuwa wameshaandika majibu kwa wino.

Mama Chupa akaniinamia sikioni. "Umeona, fundi? Mashine inajua kuhesabu kutushinda. Kujua kwamba imetolewa majini, haijui."

*

Ijumaa asubuhi nilifungua boksi la vifungo. Nikaiweka fomu mezani, na kalamu pembeni yake.

"Nitie sahihi?"

Sindano alikuwa amevaa sare tayari. Aliitazama fomu kwa muda mrefu. Chai yangu ikapoa bila kuguswa.

"Jasho bado linanitoka, mama."

"Naliona."

"Na Profesa amesema nikikosea kwenye mtihani atanicheka mwaka mzima."

"Atacheka, ni mdomo wake."

Akavuta kitambaa cheupe kilichobaki, cha koti lake mwenyewe. Akaitandaza fomu juu yake, akaibana kwa pini nne. Akachukua chaki, akachora umbo la mfuko. Kisha, bila kuniomba, akachukua mkasi wangu mkubwa, ule usioguswa na mtu. Akaikata karatasi na kitambaa kwa pamoja. Jina la mwanafunzi likabaki upande huu, nafasi ya sahihi ya mzazi upande ule.

"Mfuko uwe mkubwa," akasema. "Kuna kalamu na kipimajoto."

Akaondoka. Saa sita ilipofika nilikuwa nashona mfuko huo.

Ukutani kwa Mama Chupa sasa kuna karatasi ya sita, na ndiyo iliyo juu ya zote. Imeandikwa: Karibu. Kausha mikono, kaa, shika. Ukikosea, rudi nyuma, anza tena. Ukiwa na shaka, pima kwa njia nyingine. Kila mtu kwa zamu yake. Na nyumbani kwetu sheria imebadilika: cha mteja kinaguswa kwa mikono safi, baada ya kufundishwa.

Siku ya mtihani wa vitendo nilishona vibaya tangu asubuhi. Nilifumua, nikashona, nikafumua. Alasiri nikasikia hatua zake nje. Sikuinua macho. Nilitega masikio tu, nikikumbuka ile Jumatatu alipokaa bila kuvua viatu.

Kwanza kiatu kimoja kikaanguka mlangoni. Kisha cha pili.

Ndipo nikatunga uzi upya.